Huyu Naye ni Wako

Mlango ulijifunga taratibu kama kawaida yake, na Fundi wala hakugeuka kuutazama. Alikuwa juu ya ngazi fupi ndani ya chumba cha baridi, bisibisi mdomoni, anakaza waya wa kipimajoto kilichokuwa kinadanganya tangu juzi. Chini yake alisimama Bi Baridi, mtunza bohari ya dawa, kajifunga mtandio mara mbili shingoni, anamkodolea macho kama vile kamshika mwizi ambaye bado hajaiba. Ndiyo kanuni: haingii mtu chumba cha chanjo bila mtunza bohari kusimama hapo hapo. Mara taa zikazimika.

"Umeme," alisema Fundi, alipokwisha kutoa bisibisi mdomoni.

"Nimeona," alijibu Bi Baridi gizani. "Mimi si kipofu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu asubuhi, nao walikuwa wameamka nyumba moja na kunywa chai ya birika moja.

Naam, nyumba moja. Nisiwazungushe. Bi Baridi alikuwa mama mkwe wa Fundi, na pale bohari hakuna hata mmoja aliyejua. Wenzao walidhani jina la Bi Baridi limetokana na kile chumba chake. Fundi alijua lingemfaa hata angekuwa anauza mkaa.

Hakuwa hivyo zamani. Kijana wake wa pekee alimleta Fundi, mchumba wake, nyumbani siku moja ya mvua, viatu vimejaa tope, akasimama naye mlangoni akasema, "Mama, huyu naye ni wako." Basi, hakuna cha maswali wala cha masharti. Neno la mwanawe lilimtosha, akamwita "mwanangu" tangu jioni ile. Kisha kijana akaugua, akalala, hakuamka tena. "Mwanangu" likageuka "mkwe", "mkwe" likageuka "wewe", na hilo "wewe" lenyewe likawa linatoka kwa kubanwa. Fundi alipopata kazi bohari, alipewa sharti jikoni: "Kazini mimi na wewe hatujuani. Sitaki kusikia nimejaza ndugu kazini."

Na wiki iliyopita, huku akikunja nguo za mjukuu, Bi Baridi alisema bila kuinua uso, "Mwisho wa mwezi urudi kwenu. Mtoto atabaki. Mtoto ni damu yangu."

Kwenu wapi? Wazazi wa Fundi walishatangulia, nyumba yao ilishauzwa, na yule mtoto alikuwa hata kamba za viatu hajui kufunga. Tangu siku hiyo, kila jioni Fundi alijiambia leo nitasema naye, na kila jioni Bi Baridi alimpa mgongo kabla hajafungua mdomo.

Nje jenereta likanguruma, taa zikawaka, mapangaboi ya baridi yakaanza tena kuvuma. Fundi akashuka ngazi, akapeleka kadi yake kwenye kisoma kadi kando ya mlango. Kwa kawaida kilikuwa kinalia "ti!", kinawasha taa ya kijani, na komeo linarudi. Safari hii hakikulia. Taa yake haikuwaka kijani wala nyekundu.

"Weka vizuri," alisema Bi Baridi.

"Nimeweka vizuri."

"Hebu toka." Akaweka yake. Akaifuta kwenye mtandio, akaiweka tena, akaipigapiga. Kimya.

Fundi alikuwa ameshaelewa. Jamani, alijua hasa ni nini, na alijua ni kosa la nani.

Mpini wa kufungulia kwa ndani ulishavunjika, ukaripotiwa, jibu likaja kwamba suala linashughulikiwa. Na lile komeo halikuwa la kulegea umeme ukikatika. Waliolinunua waliogopa wezi kuliko walivyoogopa watu kufungiwa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Ofisi zote zilikuwa zimefungwa, getini yuko mlinzi peke yake, na simu mle ndani hazikushika mtandao kamwe, kwa zile kuta za bati nene. Haya yote yangevumilika. Baridi ya pale ni baridi ya friji, haiui mtu kwa saa moja mbili. Lakini Bi Baridi alikuwa na pumu. Siku zote alikuwa akiingia mle kwa dakika chache na kutoka, na pampu yake ya kupulizia ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba uko mezani, chumba cha mbele, nyuma ya mlango ule ule.

"Mama," alisema Fundi. Hakuwahi kumwita hivyo kazini. "Pampu yako iko wapi?"

Bi Baridi aliutazama mlango, na kwa mara ya kwanza Fundi aliona hofu kwenye uso ule.

Wakagonga. Fundi aligonga kwa bisibisi, kwa ngazi, kwa kiatu. Akapiga kelele hadi sauti ikakwaruza. Mlango mnene ulikuwa unameza kila kitu.

"Umefanya nini wewe?" aliuliza Bi Baridi. Pumzi yake ilikuwa imeanza kupiga kifilimbi chembamba. "Mashine ilikuwa nzima. Umeifanya nini?"

"Ngoja nifungue tundu kwanza, kisha nikueleze."

Waya wa kipimajoto ulipita ukutani kwenye tundu dogo la upana wa kidole, lililozibwa kwa sponji ngumu, na upande wa pili wa ukuta ndipo kilipokuwa chumba cha mbele. Fundi akapanda ngazi, akaanza kuchokonoa. Na kwa kuwa alijua yule mama akikaa kimya atausikiliza ule mluzi wa kifua chake tu, akaeleza huku anachokonoa.

"Pale nje kuna kompyuta. Hivi visoma kadi viwili, cha ndani na cha nje, na komeo lenyewe, vyote vinaongea na kompyuta kupitia kidude kimoja kimechomekwa nyuma yake. Adapta. Sasa, ule mfumo wa Linux ukichomeka kitu, ni kama kimepiga hodi. Kiini cha mfumo kinauliza, nani? Kitu kinajibu kwa namba. Namba ya kiwanda chake na namba ya aina yake. Hakina jina lingine."

"Kama wafungwa," alisema Bi Baridi.

"Haya, kama wafungwa. Kiini hakijui kuongea na kila mgeni, kina kazi nyingi. Kwa hiyo kinatangaza: jamani, kuna mgeni mwenye namba hii, nani anamjua? Kuna msimamizi anapokea tangazo, anatafuta dereva mwenye namba hiyo. Vitabuni wanaandika kiendeshi, sisi mafundi tunasema dereva. Dereva yuko kwenye kifurushi kinaitwa moduli, kimekaa tu kwenye diski, hadi aitwe. Akipatikana anapakiwa, anamchukua mgeni wake, kazi inaanza. Asipopatikana, mgeni anabaki amesimama mlangoni. Ameonekana, ila hajatambuliwa."

Vipande vya sponji vilikuwa vikimwangukia Bi Baridi kichwani, naye hakuvifuta.

"Adapta ya zamani iliungua," aliendelea Fundi. "Nikanunua nyingine. Ndani ni ile ile kabisa, chipu ile ile, ila waliotengeneza waliigongea namba yao wenyewe. Dereva akaikataa. Haimo kwenye namba anazozijua. Basi nikamwambia mwenyewe, kwa mkono: huyu naye ni wako. Akaichukua. Imefanya kazi vizuri tu hadi leo."

Aliposema yale maneno, bisibisi ilimsimama mkononi. Hakuwa amekusudia. Ndivyo alivyokuwa amejisemea siku alipoandika ile amri, kwa sauti ya mtu mwingine aliyekuwa amesimama mlangoni na tope viatuni.

Chini ya ngazi ule mluzi ulisita kidogo, ukaendelea.

"Sasa kimeharibika nini?" aliuliza Bi Baridi polepole.

"Nilimwambia kwa mdomo tu. Sikuandika popote. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka upya, imesahau yote. Ya kudumu inabidi iandikwe."

"Kwa nini hukuandika?"

"Nilisema kesho."

"Kesho!" Bi Baridi alitaka kucheka kwa dharau, akaishia kukohoa, na kikohozi kikamkunja hadi akashika rafu.

Sponji ikatoka. Mwanga mwembamba ukaingia, na pamoja nao sauti ya redio ya getini ikibwabwaja. Fundi akabandika mdomo kwenye tundu akaita kwa nguvu zake zote, "Kamandaaa!"

Kamanda ndilo jina la mlinzi, na alijipa mwenyewe. Redio ikazimwa. Viatu vikaburuzika. "Nani huyo?"

"Mimi Fundi! Tumefungiwa humu na Bi Baridi! Chukua mkoba wake hapo mezani, una pampu! Anaishiwa pumzi!"

"Ala! Fungueni basi!"

"Kadi haifanyi kazi! Dereva hayupo! Kompyuta imewaka bila dereva!"

"Dereva hayupo?"

"Ndiyo! Dereva hayupo, ndiyo maana mlango haufunguki! Njoo karibu na kompyuta niku..."

"Nimekusoma, Fundi! Usiwe na shaka! Namfuata sasa hivi!"

"Unamfuata nani? Kamanda! Kamanda!"

Viatu vilikuwa vimeshaondoka, vinakimbia kwa bidii ya mtu aliyeelewa kila kitu.

Fundi alibaki na mdomo kwenye tundu. Loo! Alitamani kulia, alitamani kucheka, alitamani kumtwanga mtu. Akashuka. Bi Baridi alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kupoteza rangi. Fundi akavua koti lake.

"Sitaki," alisema Bi Baridi.

"Vaa, mama."

"Wewe utavaa nini?"

"Mimi nina hasira, zinanitosha."

Akamfunika mwenyewe kwa lazima, akachuchumaa mbele yake, akaanza kumsugua mikono. Ilikuwa mikono migumu, ile iliyomfundisha kumwogesha mtoto mchanga asimteleze. Na hapo, nisimfichie, wazo baya likampitia Fundi. Mwanamke huyu asipotoka humu, hakuna wa kumwambia arudi kwao. Mtoto atabaki naye, nyumba itabaki, hakuna atakayeuliza. Lilipita upesi, likaacha aibu iliyompanda hadi masikioni, na akausugua ule mkono kwa nguvu zaidi, mpaka Bi Baridi akasema, "Unanichuna ngozi."

"Pumulia puani, taratibu. Usiongee."

"Ndani ni ile ile, umesema?"

"Nini?"

"Hiyo... adapta. Ndani ni ile ile."

"Ndani ni ile ile, mama. Namba tu ndiyo ngeni. Usiongee."

Akakaa akimtazama. Si kwa lile jicho la kuvizia mwizi. Fundi hakujua ni jicho gani, na hakuwa na nafasi ya kulichunguza, kwa sababu viatu vilikuwa vinarudi, na safari hii vilikuwa jozi mbili.

"Nani kasema sipo?" Sauti nene ikavuma kwenye tundu. "Mimi nipo tangu saa nne! Lori liko hapo nje, mimi nimelala chini ya lori! Asiniharibie mtu kazi!"

Alikuwa dereva wa lori la bohari.

"Nimemleta, Fundi!" alishangilia Kamanda. "Dereva huyu hapa!"

Fundi aliegemeza paji la uso ukutani. Kisha akapanda ngazi. "Kaka dereva, shikamoo, samahani, sikukusema wewe. Nimemsema dereva wa kompyuta."

"Kompyuta ina dereva?"

"Inao wengi. Nisikilize. Mama wa watu anakata pumzi humu. Kamanda, wewe piga simu, wazima moto, hospitali, yeyote. Kaka, wewe kaa kwenye hicho kiti. Unajua kuandika kwenye kompyuta?"

"Naandika meseji."

"Inatosha. Andika ninachokutajia, herufi moja moja, usiongeze na usipunguze. Inakuuliza jina? Andika r, o, o, t. Bonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia. Sasa inataka neno la siri."

Hapo Fundi akasita. Aligeuka akamtazama Bi Baridi, aliyekuwa ameinama, viwiko magotini, anavuta hewa kwa vipande. Hapakuwa na njia nyingine.

"Andika kibogoyo. Herufi ndogo zote."

"Nani kibogoyo? Mimi meno yangu yote ninayo!"

"Ni neno la siri, kaka! Andika!"

Bi Baridi alikuwa ameinua kichwa. Jina hilo alimpa mwanawe alipong'oka meno ya mbele yote mawili kwa mpigo, akiwa darasa la kwanza, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitumia duniani. Alifungua mdomo, akashindwa, akafungua tena. "Nani... alikuambia?"

"Mwenyewe," alisema Fundi. "Na kila asubuhi naliandika, niingie kazini."

Bi Baridi akajifunika uso kwa mtandio.

"Imekubali!" alipiga kelele dereva. "Sasa kuna mstari unawakawaka tu."

"Vizuri. Andika m, o, d, p, r, o, b, e."

"N ya nani?"

"M! M ya mama! O, d, kisha p ya paka..."

"B ya bata?"

"Paka! Paka, kaka, yule wa kukamata panya! Halafu r, o, halafu sasa ndiyo b ya bata, kisha e."

Kamanda, simu sikioni, akajitia kati. "Wazima moto wanasema wako njiani!"

"Njia gani?" aliuliza dereva.

"Hawakusema."

Dereva akaandika, akaongeza lile jina la moduli Fundi alilomtajia, akabonyeza. Mashine ikakataa, ameandika bata wawili. Akarudia. Sasa haikusema kitu, ikarudi kwenye mstari wake.

"Haijajibu, Fundi."

"Ikinyamaza ndiyo imekubali. Dereva wake amepakiwa, yuko ndani anasubiri. Ila hamjui mgeni. Sasa andika l, s, u, s, b, unisomee. Kuna mistari. Tafuta ambao hauna jina mwishoni, una namba tu."

"Naona. Namba na herufi zimechanganyika."

"Nisomee polepole."

"Nikusomee polepole nini? Mimi namba ya gari naisoma gari likiwa kwenye mteremko." Akazimwaga namba zote bila kukwama, na Fundi akazirudia kimoyomoyo, ndiyo, ndizo zenyewe.

"Sasa ndiyo ya mwisho, na ndiyo ndefu. Andika e, c, h, o. Nafasi. Weka zile namba. Nafasi. Kisha kile kialama kama mdomo wa ndege umeelekea kulia."

"Nimekiona."

"Sasa njia. Mstari ulioinama, s, y, s, mstari ulioinama, b, u, s..."

"Bus? Basi?"

"Ndiyo, andika tu. Mstari, u, s, b, kistari kifupi, s, e, r, i, a, l, mstari ulioinama, d, r, i, v, e, r, s..."

Vidole vilisimama. "Fundi. Hapa pameandikwa basi, na mbele yake madereva."

"Ndiyo, kaka."

"Kumbe ni mambo ya basi na madereva kweli! Kamanda, hukukosea kunifuata!"

"Nilikuambia," alisema Kamanda.

"Kaka, nakuomba!" Sauti ya Fundi ilivunjika. Nyuma yake alikuwa amesikia kishindo kidogo: kreti imepinduka. Bi Baridi alikuwa chini, mgongo kwenye rafu, macho wazi, kifua kinajaribu na hakipati. Mluzi ulikuwa umekoma, na huo mluzi kukoma ndio ulimtisha Fundi kuliko yote. "Malizia! Mstari, jina lile lile la moduli, mstari, n, e, w, kistari cha chini, i, d! Bonyeza! Bonyeza, kaka!"

Akaruka kutoka kwenye ngazi bila kusikia jibu. Akamnyanyua mama mkwe wake kwa makwapa, akamburuza hadi mlangoni, akamwegemeza kifuani pake. Kisoma kadi kilikuwa kimya. Alihesabu herufi zote kichwani, moja baada ya moja, akitafuta alipokosea.

"Huyu naye ni wako," alisema, kwa mashine, kwa dereva aliyelala kwenye diski, kwa yeyote aliyekuwa anasikia. "Huyu naye ni wako, jamani, mchukue."

Ti! Taa ikawaka kijani, yenyewe, kwa ajili ya kujitambulisha tu. Fundi akabandika kadi. Komeo likarudi, mlango ukasukumwa, na hewa ya joto ikawapiga usoni, hewa yenye harufu ya dizeli na viatu vya Kamanda. Hakuwahi kuvuta hewa tamu kama ile.

Pampu ilikuwa tayari mkononi mwa mlinzi. Fundi akampulizia mara moja, akangoja, akampulizia tena. Mluzi ukarudi, mwembamba, mbaya, na Fundi akaushukuru.

"Hospitali," alisema dereva wa lori, ameshashika funguo. "Wazima moto watatukuta huko wakifika mwaka huu. Nipakieni huyo mama."

Walipomfikisha kwenye lori, Kamanda akakwea mbele, akajipanga kitini. "Mbele kuna nafasi ya mgonjwa na mtu mmoja. Nitakwenda mimi. Wewe Fundi baki na chanjo, na geti uliangalie. Ndugu zake tutawapigia."

"Namjua mimi," alisema Fundi. "Acha niende naye."

"Unamjua wapi? Wewe ni fundi tu, ukifika kule watauliza ndugu, utasema wewe nani?"

Fundi akafungua mdomo. Sharti lilikuwa sharti, na mwenye kulitoa alikuwa hapo, kichwa kimemlalia begani, hana hata pumzi ya kulibatilisha. Akaanza kuuachia mkono wa Bi Baridi, kidole kimoja kimoja.

Mkono haukuachia. Bi Baridi alimkamata sketi, akaivuta, midomo ikacheza.

"Wangu," alisema.

"Ndiyo, mama, mkoba wako tunao," alisema Kamanda.

"Huyu..." Alivuta hewa, akaikusanya, na Fundi aliona jinsi alivyokuwa akiikusanya, kama anayekusanya sarafu zilizomwagika. "Huyu naye... ni wangu. Mwanangu. Shuka... Kamanda... ebo!"

Kamanda akashuka.

Jioni, hospitali, walimweka karibu na dirisha, amevalishwa barakoa ya hewa, rangi imerudi midomoni. Muuguzi alikuwa amempa Fundi kiti cha plastiki. Koti la Fundi lilikuwa bado juu ya mabega ya Bi Baridi, na hakuna aliyelidai.

Hatimaye Bi Baridi akaisogeza barakoa kando kwa kidole.

"Ile namba," alisema. "Umeiandika?"

"Bado, mama. Nilikuja na wewe."

"Umeme ukikatika tena leo?"

"Itasahau."

"Basi nenda kaiandike. Iandike vizuri, isifutike." Akavuta hewa. "Na usije ukaniambia kesho."

"Naenda, mama." Fundi akasimama.

"Ukimaliza upitie shule umchukue mtoto... aa, leo Jumamosi. Yuko kwa jirani. Mchukue, mrudi nyumbani."

Fundi alikuwa ameshafika kwenye pazia. Akasimama, mkono kwenye kitambaa, akaogopa kugeuka.

"Nyumbani wapi, mama?"

Bi Baridi alimtazama kwa hasira ya kweli, hasira yake ya zamani, ile ya kabla ya msiba, ambayo Fundi hakuwa ameiona tangu kijana alipoondoka.

"Kwani una nyumba ngapi, wewe?" alisema, akairudisha barakoa usoni, akafumba macho.